Kiti cha Saa Tisa

Alhamisi, saa tisa alasiri, kiti kitupu tena.
Naandika kwa kalamu ya buluu: hakufika.
Nje, Barakaldo inanyeshewa manyunyu yale
ambayo hujui yamekulowesha mpaka uvue koti.

Unax, miaka ishirini na moja.
Siku ya kwanza aliletwa na mama yake, Edurne,
na mfuko wa betri alizozing'oa katika kila saa ya nyumbani
kwa kuwa saa zilikuwa zikimsengenya.
Wiki ya sita alicheka.
Nikajipongeza. Mapema mno.

Fomu ina kisanduku: "Hatambui kuwa anaumwa."
Ukikitia alama, kazi imekwisha.
Lakini mimi nilimwona Jumamosi moja nyuma ya kanisa,
pale vijana wanapoupiga ukutani
mpira mgumu wa ngozi kwa kiganja kitupu.
Zamani mkono wake ulitangulia jicho.
Siku ile mpira ulimpita ubavuni,
mkono ukainuka baadaye
kama wa mtu anayelipungia basi lililokwisha kuondoka.
Wenzake hawakumcheka.
Walianza kumpigia polepole,
na hilo ndilo lililomchoma.

Kilo kumi na moja kwa miezi minne:
mimi nilizichora kwenye grafu,
yeye alizivaa.

Daktari wa kwanza alikwenda kujifungua,
wa pili akahamishwa,
wa tatu akasema, "Hebu nieleze tangu mwanzo."
Akaeleza.
Wa nne naye: "Tangu mwanzo, tafadhali."
"Mwanzo wangu umechakaa," aliniambia kwenye ngazi,
"mmeushikashika kama noti."

Na sauti. Zilikuwa tatu.
Mbili za matusi, hizo hazililii.
Ya tatu ilikuwa ya bibi asiyemjua,
iliyomwambia kila asubuhi, vaa skafu, mwanangu, kuna baridi.
Dawa haikuchagua, ilifagia na mgeni mwema.
Sasa kichwani, anasema, mna kimya
cha nyumba iliyokwisha kuanua matanga,
na skafu anaisahau.

Baba yake, Koldo, miaka thelathini kiwandani kwa meli:
"Wanaume wa nyumba hii huumwa mgongo."
Mlango wetu umepakana na duka la samaki
ambako shangazi zake watatu hupanga foleni.
Na ndani, penye viti, hukaa mzee Fermín,
ulimi wake ukitafuna kitu kisichokuwepo.
Unax alimtazama kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe
ikiwa imekwisha kufunguliwa.

Halafu akapata nafuu, nayo nafuu ikamnong'oneza:
aliyevuka mto habebi mtumbwi kichwani.
Ningemjibu nini?
Kwamba mto huu una tabia ya kukufuata hadi nchi kavu?
Nilimjibu hivyo. Akafunga zipu ya koti.

Utaratibu ni simu tatu, barua moja, kisha faili hufungwa.
Nimepiga tano.
Inaita, inagonga ukuta, inanirudia.

Jumamosi nilikwenda, bila kitambulisho shingoni.
Aliniona. Hakuja, hakukimbia.
Alikuwa peke yake, anapiga, anakosa, anaokota.
"Unalala?"
"Nikitaka."
"Na saa zinasemaje?"
Akanyamaza kidogo kupita kiasi.
"Zinasema muda. Kwa sasa."
Mpira ukabingirika miguuni pangu,
mzito kuliko nilivyodhani, wa moto wa mkono wake.
Nikaupiga. Nusura nilie.
Alicheka, cheko fupi, akaukimbilia,
na sikutaja miadi, na hadi leo sijui
kama huko kulikuwa kumheshimu au woga wangu.

Alhamisi. Kiganja kimevimba, kalamu haishikiki.
Saa tisa na dakika kumi.
Mlango unafunguliwa,
wa muuza samaki.