Pengo la Siku Tatu

Kwenye grafu ya kisima cha Kikungwi
mstari unapanda maji yakijaa pwani,
unashuka yakitoka,
chumvi ikiingia na kutoka chini ya mawe
bila kupiga hodi.
Kila dakika kumi, namba.
Halafu tarehe kumi na saba, saa tatu na dakika ishirini usiku,
mstari unakatika.
Unaanza tena tarehe ishirini, alasiri,
kana kwamba hapana kilichokuwa.

Dokta Riziki kaniita ofisini, Tunguu,
kalamu nyekundu mkononi.
"Usipoziba ufa, Mwatima,
wakaguzi watakujengesha ukuta.
Chukua namba ya kushoto, chukua ya kulia,
kompyuta itakushonea, uzi usionekane."

Najua. Programu ya kushona
nimeiandika mimi.

Na ilikuwa bamvua,
siku tulizozingoja mwezi mzima.

Betri zilikuwa mbili, za pikipiki,
moja kisimani, moja kwenye chaja,
na Shaame akizibadilisha kila siku baada ya alasiri,
suruali kaikunja, anapiga mluzi.
Adhuhuri ile simu yake ililia.
Alisikiliza, akasema "Naam," akasema "Naam,"
akaiweka solda mezani, ingali ya moto,
ikaunguza mbao. Alama ipo hadi leo.

Kombo alivunja kopo la hela za waya.
Mlinzi alitupa elfu mbili, akaomba radhi.
Tukapanda meli ya usiku, maabara nzima, watu tisa,
na ufunguo wa mlango mfukoni mwangu.

Hatukuwahi kuzika. Tuliwahi khitma.
Mtambwe, nyumba ya bati na ua wa makuti,
Kombo anayezungumza na mashine usiku kucha
hakupata neno hata moja la kumpa mfiwa.
Akaona bomba la kutawadhia linavuja,
akalifungua, akalifunga,
akalifungua tena.
Mimi nilimenya vitunguu na shangazi zake
waliotaka kujua kompyuta inakula nini.

Siku ya tatu, kahawa mkononi,
Shaame akainua uso:
"Jamani, betri nani kabadilisha?"
Tukatazamana, tisa,
kama watoto wa chuoni walioulizwa juzuu.
Yeye ndiye aliyeanza kucheka.
Akacheka mpaka akalia,
na tangu msiba hakuwa amelia.

Sasa nipo mbele ya kioo, kidole juu ya kitufe.
Naweza kuyapa maji yale mwendo wa heshima,
yapande hapa, yashuke pale,
na hapana atakayejua.

"Wakaguzi watauliza," Dokta kasema.
"Waulize."
Kanitazama kitambo. Kafunika kalamu.
"Basi andika sababu. Kwa ufupi."

Chini ya kielelezo cha nne, kwa herufi ndogo:
*Hapana vipimo. Watafiti wote walikuwa Mtambwe.*