Faini

Tulikubaliana langoni mwa skuli:
atakayetaja mtoto, elfu moja.
Mhazini ni Godeliva, mwenye mkoba wa zipu.
Kwao Bujumbura alikuwa karani wa benki
na huruma aliiacha huko.

Tukatoka wanne, saa mbili usiku,
tumevaa kama waalikwa wa harusi ya mtu tusiyemjua.
Zalhata wa Moroni kajifukiza udi hadi viatu.
Chikondi wa Blantyre kavaa gauni la kabla ya uzazi,
kifungo cha juu kimegoma, kaweka pini.
Nami Muhonja, niliyezaliwa Kakamega, mbali na chumvi,
nimepaka wanja mara ya kwanza tangu Februari,
jicho moja limelizidi jingine.

Hatukufika hata Michenzani.
"Yule wangu," akaanza Zalhata, "jana si kameza—"
Elfu moja!
"Sikusema mtoto. Nimesema yule wangu."
Zipu ikafunguka.

Mji huu nina miaka mitatu ndani yake
na usiku wake nilikuwa siujui.
Naujua saa nne ya asubuhi, Darajani,
nilipoomba nyanya na muuzaji akacheka:
"Bibi yako umempoteza, au wataka tungule?"
Naujua kwa foleni ya mizani kliniki,
kwa kidirisha cha duka la dawa,
kwa bega moja lililoshuka, la upande unaovutwa.
Usiku huu mikono yangu ilining'inia tu.
Sikujua pa kuiweka.
Nikaishikisha bakuli la urojo.

Tulikaa benchini, badia zikielea,
ukwaju ukitukunja nyuso,
na kimya kikaja kukaa nasi.
Loo, kumbe bila wao hatuna neno?
Ndipo Chikondi akasema alikuwa mkimbiaji,
mita mia nne, medali iko kwa mama yake, ukutani.
Godeliva akasema bahari anaiogopa,
miaka minne kisiwani, hajalowesha goti.
Zalhata akamkosoa mkaanga mishkaki kwa Kingazija,
mkaanga akamjibu kwa Kingazija,
tukacheka hadi mpita njia akageuka.
Nilikuwa nimesahau kicheko changu kina mkoromo mwishoni.

Simu. Wafula.
"Ile dawa ya kifua iko wapi?"
Nikamjibu, "Juu ya friji."
Wakabishana kama hiyo ni kutaja.
Nikalipa, bora amani.

Tukapita Mkunazini, vichochoro vimebana,
mabaraza matupu, paka mmoja na kichwa cha samaki.
Juu, dirishani kwa watu, kichanga kikalia.
Si chetu. Hatukijui jina.
Chikondi akasimama wima.
Kifuani pake, kwenye gauni lile la zamani,
duara mbili zikaanza kulowa, taratibu,
kila moja kwa mwendo wake.

Hakuna aliyesema.
Zalhata akavua mtandio wake akamfunika.
Godeliva akashika zipu, akaiachia.
"Mdomo haukutaja," akasema.
Kisha yeye, karani, akageukia ukuta
akapenga kamasi kwa muda mrefu.

Hesabu: elfu kumi na nne.
Tukanunua mikate ya ufuta, ya moto,
minne, na chenji tukaigombania.

Nikafungua mlango kwa ncha za vidole.
Wafula kalala sakafuni, shati limemwagikiwa uji.
"Hakulia hata mara moja," akanong'ona,
kwa fahari kama mtu aliyejenga daraja.

Ningefurahi.
Nilisimama pale, mkate ukiniunguza kwapa.
Mguu mmoja ulikuwa nje ya chandarua,
mdogo, mtulivu, usionihitaji.
Nikaufinya kidole gumba,
kidogo tu,
mpaka akafumbua jicho.