Kiwiko

Birika ndilo lililonisema kwanza.
Lilikuwa na maji ya vikombe viwili tu,
nikaliinua, na mkono ukaniacha
kama mtu aliyekumbuka ana safari.
Nikasingizia usingizi. Nikapiga deki.

Kisha kitasa. Kisha mfuniko wa achari.
Kisha Bwana Prosser, mwenye nyumba,
alipozishika nguvu zote za furaha yake
akanipa mkono kwa ajili ya ukuta mpya.
Nilitabasamu kwa meno.

Miezi mitatu Swansea, mtaa wa mlimani,
nakwangua karatasi za ukutani:
maua juu ya maua juu ya maua,
kila mpangaji ameacha bustani yake
na mimi nikazipalilia zote kwa mkono mmoja.

Gwenllian, tabibu wa viungo, ana vidole vya baridi.
Alibonyeza upande wa nje, penye kinundu cha mfupa.
"Hapa?"
Niliruka.
Akaninyoosha mkono, akataka niinue kidole cha kati
naye akikigandamiza.
Kidole kimoja, na bega zima likasalimu amri.

"Kiwiko cha tenisi," akaandika.
Tenisi! Mimi, ambaye raketi
niliiona dirishani kwenye duka la mitumba,
pauni nne, nikaipita.

Si mfupa, alisema, ni kano,
imechakaa uzi kwa uzi pale inaposhika.
Sindano ipo, ila utamu wake mfupi,
maumivu huenda yakarudi na nduguze.
Kamba hukatikia pabovu, tulifundishwa;
hatukufundishwa hushonwaje.

Basi dawa yangu ni mkebe wa maharage.
Mkono mezani, kiganja kikitazama chini:
napanda kwa msaada wa mkono wa pili,
nashuka peke yangu, polepole.
Shemsa hunihesabia kwa Kiwelisi cha shuleni,
mimi kwa Kiswahili,
tunakutana kwenye tano.
Mkanda chini ya kiwiko. Kikwangulio kabatini.
Na kila kitu nikiinue kiganja kikitazama juu,
kama anayepokea, si anayenyakua.

Wiki ya tisa. Birika limepanda, limeshuka,
chai imemiminika mahali pake.
Mfuniko wa achari bado ni kazi ya Shemsa.
Jana aliusoma mkebe: "Baba, haya yameharibika tangu Machi."
Nikamwambia aurudishe mezani,
tumebakiza mara kumi.