Dobi wa Estoril

Shati la Mjerumani na la Mwingereza
Deolinda huyaloweka beseni moja.
Maji hayaulizi pasipoti.

"Nchi yetu haimo vitani," yasema redio.
Naye hucheka, povu limemfika viwikoni:
haimo, ila vita vimekodi chumba namba saba
na vinadai kola zitiwe wanga.

Mifukoni hutoka vijitu:
tiketi ya treni ya Vigo,
karatasi ya kukaushia wino, maandishi kinyumenyume.
Huiinulia kioo.
Herufi zinamshinda. Tarakimu anazijua;
ndizo alama za nguo za watu.

Alhamisi huja Baltasar na sadini zake,
huondoka na kipande cha sabuni
kizito kidogo kuliko sabuni.

Leo limeletwa shati la namba saba.
Tundu moja, upande wa moyo.
"Lifue," kasema meneja, "lina mjane."

Amesugua. Maji yamekuwa rangi ya waridi,
na zile tarakimu nne za Jumatatu,
saa na gati,
zinamrudia moja moja.

Kalianika, kalipiga pasi, kalikunja.
Kwenye bili kaandika kama kawaida:
shati 1, eskudo 2.