Mengineyo

Mkutano uliitwa saa nne, ukaanza saa sita kasoro.
Darasa la Tatu B, Isevya. Sisi watu wazima
tumejikunja kwenye madawati ya watoto,
magoti yamegota chini ya mbao
zilizochongwa majina kwa ncha ya bikari.
Ubaoni bado ipo hesabu ya jana:
*bomba likijaza pipa kwa dakika kumi*…
Hakuna aliyeifuta.
Ramani imebandikwa juu yake.

Mimi ndiye mwandishi wa muhtasari.
Kazi yangu kuzibana sauti ziingie mstarini.

Ajenda ya kwanza, kufungua.
Ya pili, Mpango Kabambe wa Manispaa ya Tabora.
Mtaalamu ana kijiti, ana koti, ana jasho.
Hapa stendi. Hapa soko la ghorofa.
Hapa bustani ya kupumzikia.
(Nyuma mtu akauliza: kupumzika kutoka wapi?
Sikuiandika.)

Tukasogea kutafuta nyumba zetu
kama mtu anayetafuta namba yake kwenye matokeo.
Mama Kalunde akaweka kidole:
"Hii njano ndiyo mimi?"
"Wewe ni makazi ya msongamano wa kati."
Akamgeukia jirani yake:
"Umesikia? Miaka yote hii nilidhani mimi ni mjane."

Ya tatu, maoni. Dakika saba.
Nne kati yake zilikuwa za mwenyekiti.
Ya nne, kupitisha.
Mikono ikanyanyuka, mingine kukubali,
mingine kujipepea. Niliihesabu yote.

Ya tano, mengineyo.

Hapo ndipo aliposimama Sizya Mlekwa, muuza maji,
suruali kaikunja mguu mmoja tu,
upande wa mnyororo.

"Kusoma ramani sijui. Ila baiskeli yangu
hubeba madumu sita, na madumu sita hayadanganyi.
Kutoka kioski hadi kwa Nyanzala fundi cherehani
naketi, nateremka, hata wimbo naimba.
Kutoka kwa Nyanzala hadi msikitini
nashuka, nasukuma, nahema.
Na hapo ndipo mlipochora mtaro wa mvua,
mshale wake unaelekea msikitini.
Mtaalamu, maji hayajasoma.
Yakifika kwa Nyanzala yatageuka,
yataingia kwangu kama yalivyoingia mwezi wa tatu,
yakabeba sufuria na kiatu cha mwanangu.
Kimoja. Cha pili tunacho mpaka leo."

Ndani kimya. Nje, mtu anatwanga.
Mtaalamu akakitazama kijiti chake,
kisha akasema, kwa sauti isiyo ya kipaza sauti:
"Unaweza kunionyesha?"

Basi mkutano ukatoka kupitia mlangoni,
ajenda mkononi mwangu, kalamu sikioni,
tukaifuata baiskeli kama tunaosindikiza bibi harusi,
watoto mbele, mbuzi wa mtu katikati,
mwenyekiti nyuma akisema utaratibu, utaratibu.

Kwa Nyanzala, cherehani ikanyamaza.
Sizya akafungua dumu moja, lililojaa,
lenye mteja wake anayelisubiri,
akalimwaga barabarani.

Sijawahi kuona watu sitini wameinama
kuangalia maji yakiamua.
Yalisita kidogo kwenye kokoto,
yakanusa kulia,
yakaupa msikiti kisogo,
yakashika njia ya nyumbani kwa Sizya
kama ng'ombe anayejua zizi.

Mtaalamu akavua koti.
Akapiga magoti, akapima kwa kiganja.

Tuliporudi darasani mwenyekiti akaniambia:
"Andika, mwananchi mmoja alichangia."
Nikaandika: Sizya Mlekwa.
Nikaandika Nyanzala, na pedali, na kiatu kimoja.
Karatasi ya serikali ikaisha,
nikaendelea nyuma ya orodha ya mahudhurio.

Kama mshale umegeuzwa, sijui bado.
Ramani waliikunja, wakaondoka nayo kwenye gari,
na mvua haijafika.

Lakini muhtasari ninao, umegongwa mhuri,
na chini kabisa, kwenye mengineyo, kifungu kidogo,
kinasomeka hivi:
*Halmashauri inadaiwa maji, dumu moja.*