Kikombe Chenye Tundu

Siimenyi kwa kisu. Kisu kina tamaa,
hula nyama pamoja na ganda.
Natumia kijiko, naikwaruza kwa ukingo wake
mpaka vidole vya tangawizi vibaki uchi
na harufu ipande, iniingie machoni.

Kilo mbili, za soko la Jumapili pale Kochi,
kwa Mama Hamaguchi, auzaye mizizi
ikiwa bado na udongo makwapani.
"Yote hiyo? Una mafua?"
"Ni ya kaka yangu," nikasema.
Akaongeza pande moja, la bure,
wala hakuuliza tena.
Mji huu unamjua Isao.

Nimeikata vipande vyembamba, taa ikipenya.
Nimeifukia kwenye sukari nyeusi, nikalala.
Alfajiri naikuta inaogelea:
imetoa maji yake yenyewe,
hakuna aliyeishurutisha.

Sasa moto. Moto mdogo,
kijiti cha mdalasini, karafuu sita,
na pilipili kavu moja.
Moja, si mbili. Mara ya kwanza niliweka mbili,
Isao akasema, "Dada, hii ni dawa au hukumu?"

Alianza kupiga maji akiwa na miaka kumi na tisa.
Kwetu hiyo haikuwa aibu, ilikuwa adabu:
mkubwa akikupa kikombe, unakimaliza,
unamrudishia, unammiminia,
na usiku unazunguka hivyo, kikombe kwa kikombe,
hadi mtu asahau viatu vyake ni vipi.
Isao alisahau zaidi ya viatu.

Leo ni siku ya mia moja na kumi na nne.
Anazihesabu kwa kalamu ya risasi
nyuma ya mlango wa ghala la mpunga.
Aliniambia, "Kiu nimeizoea.
Ni mkono, Chizuru.
Wenzangu wakiinua vyao, mkono wangu haujui uende wapi.
Na juisi ya machungwa imekaa kimya mno.
Nataka kitu kinachonijibu."

Basi nachemsha jibu.
Povu linapanda, naliengua.
Shira inakuwa nzito, inasita kwenye mwiko
kabla ya kudondoka.
Nachuja kwa kitambaa, nakamua,
viganja vinawaka hadi jioni.
Mwisho nakamulia yuzu mbili,
ndimu yetu ya kule milimani,
yenye kokwa nyingi kuliko maji.
Chupa tatu. Moja naifunga kwenye kanga ya jikoni
naibeba mapajani kama mtoto,
hadi harusini kwa binti ya Tokie.

Samaki amebabuliwa kwa moto wa mabua,
wazee wamekwisha kuwa wekundu masikioni,
mara vinaletwa vile vikombe:
kimoja kina uso wa zimwi, pua ndefu, hakisimami;
kingine kina tundu mdomoni,
sharti ulizibe kwa kidole
na usikiweke chini mpaka kiwe kitupu.
Pia ya mbao inazungushwa mezani.
Inayumba. Inalala.
Ncha inamtazama Isao.

Wimbo ukakatika.
Mjomba Tatsuo, chupa ya pombe ya mchele mkononi,
akabaki ameinama nusu,
kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali.

Nikapita katikati ya magoti ya watu.
Isao akaziba tundu.
Nikamimina: shira kwanza, kisha maji ya soda,
na vipovu vikapanda vikigombana.

Akanywa. Chote, kwa mkupuo mmoja.
Akakohoa, akafumba macho,
machozi mawili yakamtoka, ya tangawizi tu,
nataka kuamini hivyo.

"Chizuru," sauti imekwaruzika,
"pilipili ngapi?"
"Moja."
"Muongo."

Akakipindua kikombe, watu wakione kitupu,
akalamba kile kidole kilichokuwa kwenye tundu,
halafu akaizungusha pia.