Fundi Amerudi na Drili

Kabati hili nililiunda mimi,
kwa mbao za mgrevilea kutoka shamba la shemeji, Kibosho:
droo nne, vishikio vya njano, miguu mirefu.
Mama Ndeshi alilipa kwa awamu tatu.
Alisema, Fundi, liinue,
runinga ionekane hata nikiwa jikoni.
Nikaliinua.
Nilipima ukuta. Nilipima mlango, lipite.
Mtoto sikumpima,
hakuwa amezaliwa.

Sasa ana miaka miwili na miezi mitano, anaitwa Aikande,
na kwake droo si droo.
Ya chini ni kidato cha kwanza,
inayofuata kidato cha pili,
na juu kabisa, ilikofichwa rimoti,
ndiko kuhitimu.

Jumamosi wingu lilishuka toka mlimani ghafla,
mama akatoka uani kuanua nguo.
Ndani katuni zilikuwa zinaimba.
Kisha zikanyamaza: waya ulichomoka kwanza.
"Si kishindo kilichonishtua, Fundi," ananiambia.
"Ni ule ukimya kabla yake."

Runinga ya chogo, ile ya kubebwa na wanaume wawili,
ilipita juu ya kichwa chake ikapasukia sakafuni.
Kabati likafuata,
likakwama kwenye mkono wa kochi.
Na chini yake, katika upenyo
usiotosha hata ndoo kubwa,
Aikande amekaa,
rimoti mkononi,
anabonyeza.

Hospitali ya Mawenzi walimkagua, wakasema mzima.
Pasua nzima ikasema mtoto ana malaika.
Sibishi.
Ila malaika hana drili,
na mimi ninayo, ya kuazima, hadi saa kumi.

Plasta ya nyumba hii ni ya kudanganya.
Nimetoboa mara tatu, unga mtupu,
mara ya nne nikapata tofali lenye msimamo.
Vyuma viwili vya pembe, skrubu nane.
Miguu nimeipunguza shubiri nzima;
nilichokiinua kwa sifa
nimekishusha kwa msumeno.
Runinga mpya, nyembamba, nimeifunga ukutani kwa mkanda,
maana wembamba nao huanguka.
Rimoti nimeiweka mezani, peupe,
aichoke.

Halafu nikashika kabati kwa juu
nikalivuta kwa kilo zangu zote themanini na moja,
kilo za mtu anayejua kosa lake.
Halikutikisika.

Mama Ndeshi anauliza, ni shilingi ngapi.
Natafuta kalamu, nafungua daftari la wateja:
makabati kumi na saba, Pasua, Majengo, Kiboriloni.
Naweka alama kwenye moja.
Bei sijamtajia.

Aikande amekuja, anavuta droo ya chini.
Nimeitia komeo.
Anavuta tena, kwa mikono miwili,
kisha ananigeukia
kama mwanafunzi aliyefika mapema
akakuta geti la shule limefungwa,
na mlinzi ni mimi.